Nilisema Naenda Kupumzika

Mimi sikufa. Naanza na hilo ili tusipotezeane muda, maana mpaka leo kuna mama mmoja wa kanisani kwetu, hapa West Side ya Buffalo, akinikuta dukani hunishika mkono kwanza, anaubonyeza kama mtu anayechagua parachichi, ndipo anasalimia. Namwacha abonyeze. Nimechoka kueleza.

Kilichoniponza ni neno. Neno moja la Kiswahili, la kawaida kabisa, nililolisema vizuri na kwa adabu. Na kama kuna mtu atasoma haya akajifunza kuchunga mdomo wake kwenye kundi la familia, basi aibu yangu itakuwa imefanya kazi.

Kazi yangu ni kutunza wazee. Kila asubuhi naendesha gari hadi Kenmore, kwa bibi mmoja wa Kizungu, namwogesha, namvisha, namlisha uji wa shayiri, tunakaa. Yule bibi haongei sana. Anatazama dirishani. Simu yake haiiti kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa, na watoto wake wako mbali, kila mmoja na jimbo lake. Siku za mwanzo nilimwonea huruma hadi machozi yakanilenga. Kwetu mtu akiachwa hivyo tunasema amelaaniwa. Baadaye, Mungu anisamehe, nikaanza kumwonea wivu.

Maana simu yangu mimi inaita. Wee! Inaita nikiwa bafuni, inaita nikiwa kanisani, inaita ninapoitafuta chini ya mto. Ukijua Kiingereza katika ukoo wetu, donc, wewe ndiye bomba la maji la mtaa, kila mtu anakuja na ndoo yake. Barua ya shule, mimi. Daktari wa meno, mimi. Mwenye nyumba hataki kurekebisha hita, nipigiwe mimi niongee naye kwa hasira, kwa sababu wenyewe wanakasirika kwa Kiswahili tu. Mdogo wangu wa kiume, yuko Columbus, anafanya kazi ghalani usiku, basi ananipigia anapotoka kazini, yaani ninapoamka. Dada yetu mkubwa, tunamwita yaya kama ilivyo desturi yetu, yuko Louisville, anapiga jioni ili kuuliza kama nimekula. Nikisema nimekula, anauliza nimekula nini. Nikisema mkate, anaanza kulia.

Na nyumbani ninaye binti, kijana wa shule, namwita kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza kwamba anakuja. Haji.

Siku moja kule Kenmore nililala nimekaa, kijiko cha uji mkononi, mbele ya mdomo wa bibi. Nilipofumbua macho alikuwa ananitazama, mdomo bado wazi, anasubiri. Hakukasirika. Aliniuliza mara ya mwisho nilipumzika lini. Nikacheka. Akaniuliza tena. Hapo sikucheka tena, kwa sababu nilitafuta jibu kichwani nikalikosa. Basi yule bibi, ambaye hata kikombe hawezi kukinyanyua, akaniamuru nimletee simu, akampigia mpwa wake. Mpwa huyo ana mahema ya kupangisha huko kwenye vilima vya kusini, mwendo kama wa saa moja na nusu kutoka Buffalo. Watu huenda msimu huu kutazama majani yanavyobadilika rangi. Wakapanga wenyewe. Ijumaa mpaka Jumapili, mimi, peke yangu.

Nilikuwa nataka kitu kimoja tu: siku tatu bila mtu kuniita. Sikutaka miujiza wala kupungua uzito. Siku tatu ambazo hakuna sauti inayosema "Mama", "dada", "shangazi", "samahani ulikuwa umelala?"

Kesi ya binti niliimaliza kwa jirani yetu, mama wa Kirundi, mtu wa kuaminika. Kisha Alhamisi jioni nikaingia kwenye kundi la familia, nikabonyeza, nikatuma ujumbe wa sauti. Nayakumbuka maneno yake yote kwa sababu nimesomewa mara nyingi kama shitaka: "Ndugu zangu, mimi nimechoka. Kesho naenda kupumzika. Naenda mlimani, peke yangu. Msinitafute. Mtoto nimemwacha kwa jirani. Mungu awabariki nyote."

Sasa niambie, kosa liko wapi hapo?

Ijumaa nikaenda. Wenyewe hema hilo wanaliita yurti. Ni la duara, kitambaa kizito juu ya fito za mbao, lina mlango wa kweli wenye kitasa, na juu katikati kuna kidirisha cha kuonea mbingu. Ndani kitanda, meza, jiko la kuni la chuma. Choo kiko nje, huko kwenye miti. Nilisimama mlangoni na begi langu nikacheka peke yangu kwa uchungu. Miaka yote ile kwenye kambi ya wakimbizi tuliomba Mungu atutoe kwenye hema. Tukafanyiwa mahojiano, tukapimwa damu, tukapanda ndege, tukafika Amerika. Na mimi hapa, kwa miguu yangu mwenyewe, nimerudi kwenye hema, tena lenye choo cha nje.

Mpwa wa bibi alikuwa mwanamke mchangamfu wa makoti mengi. Akanifundisha kuwasha kuni. Mimi! Niliyezaliwa nyanda za juu za Kivu ya Kusini, niliyepewa moto kuulea kabla sijapewa mdogo wa kumbeba mgongoni! Nikamwacha afundishe, heshima ni heshima. Alipoondoka nikawasha kwa namna yangu, na lile jiko la kijinga, lenye vijimlango viwili na mkono wa kuvuta, likanitemea moshi wote usoni. Nilikohoa mpaka nikatoka nje kwa magoti. Bon. Nikavuta ule mkono kama alivyosema. Moto ukawaka.

Lakini milima. Lazima niseme ukweli hata nikiwa na hasira. Kwetu mlima una rangi moja, kijani, na ukiuona mwekundu ujue kuna moto. Hapa mlima mzima ulikuwa mwekundu na hauungui. Manjano imekaa juu ya wekundu, rangi ya mawese chini yake, halafu katikati miti michache ya kijani iliyokataa kufuata wenzake. Nilikaa kwenye kiti cha nje na blanketi, nikatazama mpaka shingo ikauma. Hakuna aliyeniita. Mwanzoni masikio yalikuwa yanasubiri. Mara mbili nilijipapasa mfuko nikidhani simu imetetemeka, kumbe ni paja langu lenyewe. Maana kule bondeni hakuna rezo, mtandao wa simu, hata kidogo. Kama mama yangu angekuwa hai angesema nimefika mbinguni kabla ya wakati.

Na hayo, kumbe, ndiyo waliyokuwa wanasema.

Jumamosi asubuhi moyo wa mzazi ukanisumbua, nikataka kujua kama binti amekula. Mpwa wa bibi alikuwa ameniambia rezo inapatikana juu kilimani, penye kisiki kikubwa. Nikapanda. Nilipofika kwenye kisiki simu ikaamka. Ilitetemeka mfululizo mpaka nikaiweka chini kwenye kisiki, nikaisubiri imalize.

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa picha yangu. Ile ya harusi ya binti wa kanisani, nimevaa kitenge cha bluu, nimependeza. Mtu ameizungushia maua na mishumaa. Chini yake: Pumzika kwa amani, dada yetu. Chini ya hapo mikono ya kuomba, mikono, mikono, mtu wa Uvira nisiyemjua ananisifu kwa ukarimu wangu.

Nilikaa kwenye kisiki. Nikasikiliza sauti moja baada ya nyingine, na taratibu nikaelewa ujinga ulivyokwenda. Kwetu, mtu anayepumzika ni marehemu. Ndivyo tunavyosema kwa adabu: mzee amepumzika, mama amepumzika, baada ya kuugua kwa muda mrefu amepumzika. Sisi wengine wazima hatupumziki. Ukiketi mchana unaulizwa unaumwa wapi. Basi watu wangu walisikia mwanamke mjane anasema amechoka, anaenda kupumzika, msinitafute, mtoto nimemwacha kwa jirani, Mungu awabariki. Wakapiga simu. Simu haipatikani. Unategemea nini?

Hiyo ilikuwa nusu ya watu. Nusu nyingine, ile ya kanisa, ilishika neno mlimani. Kwao kwenda mlimani ni kufunga na kuomba, kwa hiyo wao waliona nimepanda kupigana na shetani, na wakaanza kunitumia maombi yao niyafikishe. Mmoja anaomba mume. Mmoja anaomba shifti ya mchana. Saa zilivyopita makundi mawili yakabishana, waliosema nimekufa na waliosema ninafunga, na waliosema nimekufa wakashinda kwa sababu wao walikuwa tayari wanapika.

Nikampigia binti.

"Mami!" Halafu Kiingereza, kirefu, kikilia. Nilichokamata ni kwamba nyumba imejaa wamama, wameleta sufuria zao, sombe, majani ya muhogo, imetwangwa sebuleni, viti vya kanisa vimepangwa, na kuna bibi mmoja anamkumbatia kila dakika na kumwita yatima. Yeye amewaambia mami yuko kwenye matembezi tu, hakuna anayemsikiliza.

"Ongea nao Kiswahili!" nikamfokea.

"Ninaongea!" akafoka naye, kwa Kiswahili. Mwaka mzima ule hilo ndilo neno lake la kwanza la Kiswahili kwangu, na lilikuja siku ya msiba wangu.

Nikatuma sauti kwenye kundi: "Niko mzima! Nimeenda kutazama majani!" Mjomba wetu akaandika kwamba siku hizi kuna matapeli wanaiga sauti za watu. Nilitaka kuitupa simu bondeni.

Yaya sikumpata ila kwa shida. Alipopokea nilisikia barabara nyuma yake, upepo wa kioo na redio. Alikuwa amepanda basi la usiku kutoka Louisville hadi Columbus, mdogo wetu akampokea akitoka kazini, na wakati huo walikuwa wameshaliacha Columbus nyuma, wanakuja. Anwani wameipata kwa binti, naye kwa bibi wa Kenmore. Kumbe yule mzee anaongea akitaka.

"Yaya, rudini. Mimi ni mzima. Si unanisikia?"

"Nakusikia," akasema. "Sauti si mutu. Nitakuona na macho."

"Ni konje tu, yaya! Niko konje!"

"Sasa juu ya nini hukusema konje?"

Kweli, kwa nini sikusema konje? Neno lipo, maana yake likizo, Mkongomani yeyote analijua, mtu akisema yuko konje hakuna anayepika. Nilishuka kilima nikijitukana. Milima ilikuwa palepale na rangi zake na sikuiangalia hata mara moja.

Walifika mchana. Nilisikia gari likisaga kokoto, nikatoka, na kabla mlango haujafunguka vizuri yaya alikuwa ameshanishika uso kwa mikono yote miwili, ananigeuza kushoto, kulia, ananinusa. Aliangalia shingo yangu. Aliangalia mikono yangu, akapandisha mikono ya sweta mpaka kwenye viwiko. Mdogo wetu alishuka na sufuria iliyofungwa kwa kitenge, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akalitazama hema kuanzia chini hadi juu.

"Watu wanakimbia hema," akasema, "weye unalipia."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akaendelea, akiinua sufuria. Nilimwambia mwenyeji hajapona, mwenyeji alikuwa amepona vizuri mpaka wageni walipofika. Akacheka. Yaya hakucheka.

Aliingia ndani. Akazunguka lile duara lote, anagusa kitambaa, anagusa kamba, anatazama juu kwenye kidirisha. Aliuliza kwa nini nyumba haina kona. Alifungua begi langu bila kuomba ruhusa, akakunja nguo zangu upya. Mimi nilikuwa nimevimba kwa hasira. Siku tatu, Mungu wangu, siku tatu tu niliomba, na hizi hapa zimeingiliwa na sufuria ya maharage, na dada anayekunja chupi zangu, na huko Buffalo watu wanakula msiba wangu kwenye sahani zangu mwenyewe!

Nikasema heri nikate kitunguu, tuunge yale maharage, tule, warudi. Nikatafuta kisu. Nilikuwa nimekiacha mezani karibu na mkate. Hakipo. Nikatazama chini ya meza, kwenye beseni.

"Yaya, umeona kisu?"

"Kiko fasi nzuri."

"Fasi gani? Nataka kukata kitunguu."

"Kitunguu nitakata miye."

Alikuwa amekaa kitandani, mkoba wake mapajani, ameukumbatia. Nikaangalia tena mezani. Vidonge vyangu vya kichwa, vilivyokuwa hapo tangu jana, navyo havipo. Nikaelewa alichokuwa anafanya alipokuwa anazunguka.

Nililipuka. Nilimwambia yote. Kwamba amenifanya kichaa mbele ya ukoo, kwamba mimi ni mtu mzima, kwamba hakuna mtu mweusi duniani anayeruhusiwa kukaa kimya bila wenzake kuchimba kaburi, kwamba picha yangu ina mishumaa! Mdogo wetu alichukua simu yangu mezani, akasema polepole anakwenda huko kwenye kisiki kuwatuliza watu, akatoka. Ana akili yule.

Yaya alinisubiri nimalize. Ana subira ya mtu aliyelea watoto wasio wake. Mama alipofariki yeye ndiye aliyetubeba, mimi mgongoni na mdogo wetu kifuani, akiwa mdogo kuliko binti yangu alivyo sasa.

"Wazee walisema, lisemwalo lipo," akasema. "Na kama halipo?"

"Laja," nikamalizia kwa hasira, kwa mazoea.

"Bon. Sasa nakuuliza, na unijibu hapa, hakuna mutu mwingine. Ile kupumzika ulisema, ni kupumzika gani?"

Jibu lilikuwa tayari. Konje, yaya, nimeshakwambia, konje. Nilifungua mdomo nilitoe na halikutoka. Nilisimama pale na kitunguu mkononi. Jiko lilikuwa linalia ndani kwa ndani, na kupitia mlango uliobaki wazi niliuona ule mlima mwekundu, na ghafla nikakumbuka asubuhi moja, wiki chache nyuma, nimeegesha gari mbele ya nyumba ya bibi kule Kenmore. Simu inaita. Nimeiangalia inaita. Nikawaza kwamba nisipoamka kesho, atapokea mtu mwingine. Nikawaza hivyo bila huzuni yoyote, kama mtu anayepanga zamu. Halafu nikaona wazo lenyewe ni zuri, nikakaa nalo kidogo kabla ya kushuka.

Nilikuwa sijamwambia mtu. Hata mimi mwenyewe nilikuwa sijajiambia.

"Sijui, yaya," nikasema. "Sijui ni kupumzika gani."

Nilidhani atapiga kelele. Nilidhani ataanza maombi, kwa sauti, na mkono juu ya kichwa changu, nami ningelazimika kusema amina. Hakufanya hivyo. Alinitoa kitunguu mkononi, akakiweka mezani. Akanivua viatu kama ninavyomvua bibi wa Kenmore, kimoja kisha cha pili, akanisukuma kitandani, akanifunika na kile kitenge kilichokuwa kimefunga sufuria, chenye harufu ya maharage na njia ndefu. Kisha akavuta kiti, akakiweka mlangoni, akakaa, mkoba wake wenye kisu changu na vidonge vyangu mapajani, uso kwangu na mgongo kwa ile milima yote.

"Lala," akasema. "Miye niko macho."

Nililia kwanza. Nililia vibaya, kwa makamasi, na yeye hakuniambia ninyamaze, hakuniambia nijikaze. Kisha nadhani nilisinzia, mchana kweupe, jambo ambalo nilikuwa sijalifanya tangu nifike nchi hii. Nilizinduka kwa sauti ya mdogo wetu, amerudi kutoka kwenye kisiki, anahema mlangoni. Sikufumbua macho.

"Yaya, simu yake imenimaliza," alikuwa ananong'ona. "Wote wanauliza. Pasta, mjomba, wale wamama wa Buffalo. Niwaambie nini?"

"Waambie amepumzika."

Nilimsikia mdogo wangu akivuta pumzi.

"Yaya, nikisema vile watapika tena."

"Wapike," akasema yaya. "Akiamka atakuwa na njaa."